Sungura Aliyetusaidia

Kreuzberg, Texas
Jumanne, Novemba 15, 1983. Asubuhi ukungu, ukakatika kabla ya kahawa ya pili. Baridi ya koti jepesi.

Mwanangu Royce,

Hujambo huko kwenye barafu? Sisi huku hatujambo. Nyonga yangu inalalamika ngazi zikiwa nyingi, lakini bado haijagoma. Binti yako Twyla mzima, anakula vizuri, na suruali tuliyomnunulia Agosti sasa inaonyesha soksi zote.

Jike letu la sungura kazaa. Tangu jana mchana alikuwa akijinyofoa manyoya ya kifuani na kuyatandika kisandukuni, na leo tumekuta vitoto vyekundu kama vidole vya mtu aliyefua kwa maji ya baridi. Kimoja kimekufa. Twyla akavihesabu vilivyobaki, akasema na ile "bibi" yake ya Kijerumani, "Oma, wanane. Mimi natafuta watatu tu." Nikamwambia asikimbilie. Hatafuti watatu wazuri, anatafuta watatu wanaofanana. Unakumbuka ilivyo: wanapimwa pamoja, wanahukumiwa pamoja, na mwamuzi anataka afumbe macho, apapase migongo mitatu, asijue yupi ni yupi. Mmoja akikataliwa kwenye mizani, wote watatu wanarudi nyumbani.

Sasa lile la simu. Nilipandwa na hasira nikasema neno, nawe ukalishika hapo hapo. Basi lishikwe: Twyla akifikisha sungura wake mnadani kwenye maonyesho ya vijana ya Januari, anabaki kwangu mpaka amalize shule. Asipofikisha, Juni anahamia kwako Anchorage, na vizimba tunauza. Yeye hajui, na asijue. Mtoto wa miaka kumi na miwili ana mizigo yake ya kutosha.

Bahasha naiacha wazi mpaka asubuhi, kama kawaida.

Mama yako

Nililala saa sita na nusu.

*

Prudhoe Bay, Alaska
Desemba 4, 1983

Mama,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na nyonga pia. Mimi sijambo. Jua lilituaga wiki iliyopita, litarudi Januari. Tunakwenda kwenye visima vya mafuta gizani na kurudi gizani. Kuna jamaa wa Oklahoma anasema afadhali popo, wao angalau wamezaliwa hivyo.

Sikulishika lile neno ili nikukomoe. Una miaka sabini na moja, na kila alfajiri unanywesha safu mbili nzima za vizimba kwa mguu mmoja na nusu. Mimi nyumbani Anchorage nina chumba kitupu chenye kitanda kilichotandikwa. Tangu mke wangu Connie atuache, mwanangu ananiandikia kadi ya Krismasi kama mtu anayemwandikia daktari wa meno: "Asante, niko salama, kwaheri." Naogopa siku moja atanisahau sura.

Mwambie baba yake anauliza sungura wake wanaitwaje. Najua, wa kuliwa hawapewi majina. Mwambie hivyo hivyo.

Na Mama, nani mwingine duniani anamaliza barua kwa saa aliyolala? Niliwasomea wenzangu. Yule wa Oklahoma akauliza, "Mama yako ni mlinzi wa zamu?"

Mwanao Royce

*

Kreuzberg
Jumanne, Desemba 27, 1983. Asubuhi barafu kwenye kila tawi la mwaloni. Hakuna aliyewahi kuona baridi kama hii, hata wale wanaodai wameona kila kitu.

Mwanangu Royce,

Salamu za Krismasi, japo zimechelewa. Hatujambo, isipokuwa mabomba. Maji ya sungura yaliganda, tukawa tunabadilishana chupa: moja kizimbani, moja kwenye jiko. Hatimaye Twyla akasema, "Oma, kwa nini sisi ndio tunaosafiri? Wao waje." Basi sungura wote wako chumba cha kufulia, na nguo zangu zinanuka nyasi kavu.

Amechagua watatu wake. Jirani Delbert Klaerner alipita kuwaona, akawapindua mmoja mmoja. Akasema wawili ni pacha hasa. Huyu wa tatu ana mgongo kama mkate wa Jumapili, ila anakimbilia uzito, tumchunge. Kwa hiyo nimetundika ubao juu ya pipa la chakula. Anayelisha anaandika. Asiyeandika hajalisha.

Nilimpa Twyla swali lako. Akafikiri kidogo. "Mwambie baba wanaitwa Chakula cha Jumapili, Chakula cha Jumatatu, na Mabaki." Kisha akauliza kama kweli uliuliza, au nimetunga mimi. Nikamwonyesha mwandiko wako. Akaisoma ile sentensi, akarudia tena. Sehemu nyingine za barua nilizifunika kwa mkono.

Nyonga ni ile ile. Usinihesabie miaka, nimeihesabu mwenyewe.

Mama yako

Nililala saa tisa usiku.

*

Kreuzberg
Jumapili, Januari 22, 1984. Asubuhi jua kali lisilo na joto. Upepo wa kaskazini umekufa.

Mwanangu Royce,

Je, u mzima? Tangu mwaka mpya sijapata barua yako. Mama wa posta anasema ndege za kwenu haziruki. Nakuandikia hivyo hivyo, tena kwa utaratibu, maana jambo hili likisimuliwa ovyo hutaliamini.

Ijumaa ilikuwa siku ya mizani. Kikomo ni ratili tano na nusu kwa kila sungura, na mizani hufungwa saa sita mchana. Wewe ulifuga, unajua hofu yetu: sungura akitikiswa kwenye pikapu hupungua mwili, na mwamuzi akapapasa mgongo mtupu. Nikaamka kabla ya Twyla nikawapa kiganja cha shayiri. Na ule ubao, ambao niliutundika mimi na ninaougombea mimi, sikuuandika. Akili yangu ilikuwa Anchorage. Twyla akaja nyuma yangu, akakuta ubao mtupu, akawapa shayiri yake.

Msimamizi wa mizani alikuwa Delbert, pamoja na mdomo wake. Wa kwanza akapita. Wa pili akapita. Wa tatu alipokaa, Delbert alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena.

"Bi Lorene, huyu ni sungura, au mmeniletea ndama?"

Alizidi wakia moja.

"Anaweza kupimwa tena?" nikauliza.

"Kabla sijafunga, ndiyo. Mradi msimnyoe."

Twyla akanigeukia. "Oma, mimi nimewapa kiganja kimoja tu!"

"Na mimi kimoja."

"Lakini ubao ulikuwa mtupu!"

"Najua ulikuwa mtupu, mjukuu wangu. Najua sana."

Dawa ilikuwa moja tu. Tukamtoa nyuma ya banda, tukamweka kwenye nyasi, tukaanza kumsubiri ajisaidie. Mimi nilikalia ndoo niliyoipindua. Watoto wa chama cha vijana wakaja kuzunguka, na baba zao nyuma yao, kofia mkononi kama msibani. Mmoja alipiga mluzi kama anavyompigia farasi ili akojoe. Binti wa mchungaji akashauri tufungue bomba, asikie maji yakitiririka. Tukafungua. Sungura akakaa kimya kama askofu. Royce, nimezika mume, nimevuka ule ukame wa miaka saba, na sijawahi kuomba kitu kwa moyo wote kama nilivyouomba mkojo ule. Twyla alidhani naombea utepe wa ushindi.

Delbert akatokea mlangoni. "Nafunga, akina mama! Au nije nimwimbie?"

Twyla akamnyanyua, akaniwekea mapajani ili afunge kamba ya kiatu akimbie naye. Hapo hapo, kwenye sketi yangu ya kanisani, ile ya kijivu, mheshimiwa akafungulia.

"Amejisaidia!" Twyla akapiga kelele. "Oma, amejisaidia!"

"Ametusaidia," nikasema. "Ametusaidia sote." Na nikawa nacheka na kulia juu ya ndoo.

Alirudi kwenye mizani akakaa mstarini, hakuzidi hata unyoya. Delbert akaitazama sketi yangu. "Bi Lorene, pole. Na hongera. Sijui ningeanza na ipi."

Jana mwamuzi alifumba macho, akawapapasa, akasema, "Mayai ya kuku mmoja." Tumeshika nafasi ya sita, na kumi wa kwanza ndio wanaoingia mnadani. Twyla alisimama na sungura mikononi, dalali akiimba bei kwa kasi ile yao, na mwenye duka la chakula cha mifugo akawachukua wote watatu. Jioni likaja lori la machinjio. Twyla hakumwachia mtu mwingine kazi hiyo. Aliwakabidhi mwenyewe, akamwambia dereva, "Huyu wa tatu usimpakate. Ana mkojo wa ghafla." Tulipovuka daraja la Mto Pedernales, akaomba mkate na soseji.

Basi, upande wangu nimeutimiza. Nangoja upande wako.

Mama yako

Nililala saa nane. Sijui kwa nini. Nilidhani ningelala kama gogo.

*

[Juu, kwa penseli, kwa mkono wa Lorene: Imefika Januari 25.]

Prudhoe Bay
Januari 9, 1984

Mama,

Salamu nyingi. Mimi mzima. Hapa pana dhoruba, sijui barua hii itaondoka lini.

Barua zako nimejifunza kuzisoma kuanzia chini. Mwaka jana ulikuwa unalala saa tatu, saa tatu na nusu, miezi yote mpaka Oktoba, hata Baba alipokuwa mgonjwa. Novemba umelala saa sita na nusu. Baada ya Krismasi, saa tisa. Hukuniandikia neno moja la kunisihi. Sikuhitaji. Kumbe mwaka mzima nilikuwa nakuuliza nyonga, na shida haikuwa nyonga.

Lile neno la simu nimelivunja. Mizani ikatae, sungura wafe, mnada uungue moto, Twyla anabaki kwako. Simhamishi mtu.

"Mabaki" nimeiandika kwenye kofia yangu ya kazi. Wote hapa sasa wananiita hivyo.

Mwanao Royce

*

Kreuzberg
Jumatano, Januari 25, 1984. Asubuhi mvua nyepesi, ya kunywesha ardhi bila kuipiga. Mchana jua.

Mwanangu Royce, Bwana Mabaki,

Hatujambo, tena sana. Barua yako ya tarehe tisa imefika leo. Niliisoma nikiwa nimesimama kwenye sanduku la posta, mvua ikininyeshea, kisha nikaisoma tena jikoni nikiwa nimekaa. Kumbe siku ile nyuma ya banda nilikuwa nakalia ndoo na kumwomba Mungu kitu ulichokwisha kunipa, kikakwama kwenye theluji!

Sikuona sababu ya kumficha Twyla tena. Nilimsomea yote, kuanzia simu mpaka dhoruba, bila kufunika kitu. Alinisogelea akaegemea bega langu, na alivyo mrefu sasa ilimbidi ainame. Kisha akasema, "Kwa hiyo, Oma, alikukojolea bure?"

Nikamwambia hapana. Sketi ile nimeifua bila hasira.

Baadaye, akiosha vyombo, akauliza kama Anchorage kuna sungura. Nikasema simjui wa kumuuliza isipokuwa baba yake. Basi chumba chako kiache na kitanda kilichotandikwa. Juni, shule ikifungwa, anakuja kukutembelea, nitamsindikiza mwenyewe mpaka uwanja wa ndege wa San Antonio, na nitamwazima ule ubao akuonyeshe unavyofanya kazi. Jike nimempumzisha. Vizimba viko pale pale.

Mama yako

Nililala saa mbili na robo. Taa ilizimwa na Twyla.