Gunia Linalorudi Kharumwa

Geita, Jumapili jioni

Mayu wangu,

Shikamoo, mama. Na baba mfikishie yake, hata kama kaninunia. Goti lake limepoa? Mimi mzima wa mwili, ila nina jambo nililoshindwa kulisema kwenye simu. Ndiyo maana konda wa basi anakuletea barua hii pamoja na gunia.

Jumanne mama mwenye mgahawa ninakopika alinituma mashineni kununua mchele. Nikakuta magunia ya mpunga yanasubiri kukobolewa. Moja limeshonwa mdomo kwa vipande vya kitenge cha zambarau, kile nilichombebea mwanangu Minza. Mshono wako naujua, mama, unarudia mara mbili pembeni kama mtu anayeogopa wezi. Nikamuuliza mwenye mzigo kautoa wapi. Akacheka.

"Kharumwa, dada. Kule ukienda na keshi mkononi, wanakuuzia mpaka chakula cha ndani."

Nawe wiki hiyohiyo uliniambia kihenge kimejaa! Mwongo mkubwa wewe, mama yangu. Nililia palepale, pumba zikinigandia usoni.

Hapa mgahawani mnunuzi wa dhahabu anaagiza wali kuku, anadonoadonoa, simu ikiita anaondoka zake. Sahani zake mbili zinakaribia bei mliyopewa kwa debe zima. Mabaki nayamwaga mimi. Wachimbaji nao wakipata wanakula hivyohivyo, wasipopata wanakunywa chai kavu. Lakini hata siku hiyo ya chai kavu, mama, hakuna anayelala na njaa ili mwingine ale mpunga wake. Ninyi mliolima ndio mnaolala hivyo, na inaniuma sana.

Basi gunia lile nimelinunua, kwa bei ya huku. Jamaa hakupunguza hata nilipomwambia ni la kwetu. Imekwenda akiba yote ya safari yangu, na viatu vya Minza humohumo. Kwa hiyo siji, mama. Mwambie taratibu, maana nilimwahidi kwa mdomo wangu.

Nisalimie dada na shemeji, na bibi anayeniita mtoro. Gunia hili msiliuze tena, nakuomba kwa magoti. Koboa kidogo leo, umpikie Minza wali. Akiuliza nani kaja na mchele, mwambie mama yake.

Ni mimi mwanao,
Kabula, mama Minza