Msasa juu ya bunduki ya Baba

Mama Sonia,

Naenda Wamaza na bunduki ya marehemu Baba. Muhogo iko inakauka nyuma ya nyumba, uiingize kama mvua inakuja. Chumvi imeisha.

Asubuhi ulikuwa shambani, haukuona. Papa Déo, fundi wa bunduki, alifika toka Kasongo. Shauri unaijua: kaka yangu mukubwa, yaya Salomon, anasema bunduki ilikuwa ya babu yetu, kwa hiyo ni ya mukubwa. Mimi nasema Baba aliinunua yeye mwenyewe, babu akiwa amekwisha kufa, na aliniachia mimi. Papa Déo akasema jina ya kiwanda na mwaka vinapigwa chini ya mitutu yake miwili, pahali mbao inafunika. Mwaka ungeonyesha nani anasema kweli. Akaifungua mbele yetu. Chuma ilikuwa inangaa sawa kioo. Hakuna hata herufi moja.

Ni wewe, mama. Siku ya kumaliza matanga, wakati muliosha vitu vya Baba, uliifungua mpaka ndani ukapiga msasa juu ya kutu. Na mimi nilikusifu mbele ya watu!

Papa Déo alisema iko ya zamani, lakini ya mwaka gani, ya nani, yeye hawezi kujua. Basi mukubwa anabeba; ametangulia kwake Wamaza, mimi namupelekea. Ningefanya nini?

~~Uwaambie watoto nitarudi nayo.~~ Usiwaambie kitu.

Yaya aliuliza ni nani aliisugua. Nilisema ni mimi. Akikuuliza na wewe, sema vile vile, kwamba ni mimi.

Baba Sonia