Choo Kilichoshushwa kwa Ajili ya Mama Mkwe

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo: Polisi, bandarini
Tarehe: 14 ya mwezi huu, saa nane mchana
Shahidi: mwanamke, miaka arobaini na mmoja, anayejulikana bandarini kama Mama Tanga
Kazi: nahodha wa mashua ya tanga inayotembeza wageni
Makazi: nyumba ya ghorofa nyuma ya karakana ya boti, ghorofa ya pili

Mashua ni yetu wawili, mimi na mume wangu. Mimi naiendesha, yeye anapokea wageni na kutengeneza vitu ambavyo havijaharibika. Sikuitwa na mtu hapa. Nimekuja mwenyewe kwa sababu fundi wa mabomba yuko mahabusu tangu jana kwa kosa ambalo si lake, na mtu anayelijua hilo vizuri amekaa kwenye benchi hapo nje anachezea simu.

Choo chetu cha zamani kilikuwa kimepasuka na kilicheza kila mashua ilipoinama. Mama mkwe wangu aliapa kwamba hapandi chombo ambacho choo chake kinatembea. Kwa hilo nilikuwa upande wake. Tukamwita fundi, yule wanayemwita Kesho, kwa sababu ukimuuliza kazi itaisha lini, hilo ndilo jibu lake. Sikuja kumsifia. Alinichosha. Alipima, akakaa, akapima tena, akaomba chai, akasema mbao niliyomnunulia haifai hata kwa kuni. Nilitamani kumsukuma majini.

Mnamo tarehe 9, siku ya Alhamisi, saa kumi jioni, alimaliza. Alikuwa amekata kitako cha mbao ngumu na kukipandisha choo juu yake. Bolti nne zilipita kwenye choo, kwenye kitako na kwenye sakafu, na huko chini ya sakafu akaziwekea bamba la chuma na nati. Nilimuuliza kwa nini choo kiwe juu namna ile. Akasema, "Mama, mashua ikilala ubavu, maji ya nje yanapanda. Ukikishusha choo, bahari inaingia yenyewe kuja kukusalimia." Kisha akakikumbatia choo na kukitikisa kwa nguvu zake zote. Akanilazimisha na mimi nikikumbatie. Nilikikumbatia. Mashua nzima ilitikisika, choo hakikusogea. Akasema tusikikalie mpaka gundi ya kitako ikauke. Nikamuuliza itakauka lini. Afisa anaweza kukisia alichonijibu.

Mnamo tarehe 11, Jumamosi, saa nne asubuhi, mama mkwe alikuja kukikagua. Afisa ananiuliza kama ni kawaida mtu kukagua choo. Kwa mama mkwe wangu ni kawaida. Alikikalia na nguo zake zote, mlango wazi, sisi tumesimama mbele yake kama wasimamizi wa harusi. Ni mfupi, na miguu yake haikufika sakafuni. Akasema, "Mnanipandisha huku juu, nimekuwa hakimu?" Nilimweleza habari ya maji. Hakunitazama mimi, alimtazama mwanawe. "Mwanangu, miguu inaning'inia."

Mume wangu akasema, "Tutaona, mama."

Nimeolewa miaka kumi na saba, na hiyo "tutaona, mama" naijua. Nilimwambia pale pale asikiguse choo. Akasema, "Nikiguse kwani mimi ni fundi?" Nikaenda kwa mshona matanga na huko nikakaa mpaka jioni, kisha nikarudi nyumbani moja kwa moja. Sikupita mashuani.

Jumapili, tarehe 12, saa tatu asubuhi, tuliondoka gatini watu watatu: mimi kwenye usukani, mume wangu na mama yake. Mama alikuwa amefurahi, anawapungia mkono hata asiowajua. Ilipokaribia saa tano upepo uliongezeka na mashua ikainama, jambo la kawaida kabisa. Wakati huo mama mkwe alikuwa ameshuka chini. Nikasikia kishindo. Kisha nikasikia anamwita Mungu, kisha anamwita mwanawe, kisha ananiita mimi. Aliponiita mimi nikajua mambo yameharibika.

Nilimwachia mume wangu usukani nikashuka. Mlango wa choo unafungukia ndani, na choo kilikuwa kimeanguka nyuma ya mlango pamoja na mama. Maji yalikuwa yanatoka chini ya mlango. Niliuvunja kwa mpini wa winchi ya kuvutia kamba za tanga. Nilimkuta mama amelala ubavu ndani ya maji, choo kimemlalia mguu. Mpira unaoleta maji ya bahari ulikuwa umechomoka kwenye choo, na valvu yake iko wazi. Valvu hiyo kwetu hufungwa kila mtu akimaliza haja yake, na imeandikwa ukutani kwa herufi kubwa. Baadaye mume wangu aliniambia aliifungua asubuhi na kuiacha hivyo ili mama yake asipate taabu ya kuinama.

Niliifunga valvu. Maji yalikuwa yamenifika magotini. Kama ningechelewa kidogo, leo tungekuwa kwenye msiba. Nilimfunika mama kwa kipande cha turubai, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Wasinione hivi."

Nilipokiinua choo ndipo nikaona. Kitako cha mbao hakipo. Bolti hazipo. Choo kilikuwa kimebanwa juu ya plaiwudi tupu ya sakafu kwa skrubu nne fupi, na bado zilikuwa zinaning'inia kwenye matundu yake. Skrubu hizo nazijua. Ni za kabati letu la jikoni, nyumbani. Tangu Jumamosi mlango mmoja wa kabati hilo umeegemezwa ukutani, nami niliambiwa eti bawaba zimechoka. Ninazikabidhi hapa mezani.

Afisa ananiomba nipunguze sauti. Nimepunguza.

Jioni ile, kwenye varanda ya hospitali, nilimuuliza mume wangu. Akasema alipotoa kitako bolti zikawa ndefu mno, na maduka yalikuwa yameshafungwa. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, "Ungekataa." Ni kweli, ningekataa.

Jumatatu, tarehe 13, shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, alikuja hapa kumshtaki fundi kwa kufanya kazi mbovu. Mume wangu alikuja naye, akasimama pembeni yake, hakufungua kinywa. Niliposikia fundi amekamatwa nilimwambia mume wangu arudi akaseme kweli. Akanijibu, "Fundi amezoea misukosuko, atatoka tu." Naomba iandikwe kwamba mume wangu ni mzembe, na sasa amekuwa mwoga pia.

Leo asubuhi nilikwenda kumwona mama mkwe. Nyonga imevunjika. Aliniomba niseme alianguka ngazini. Alisema, "Mwanangu, usiniandikishe chooni. Mimi ni mtu mzima, nina wakwe, nina wajukuu." Mama huyu hajawahi kunisema vibaya mbele ya watu. Watoto wangu wote wawili aliwaogesha yeye kabla sijaweza kusimama baada ya kujifungua. Wiki hii nampenda yeye kuliko ninavyompenda mwanawe. Nilimwambia, "Mama, nikisema ngazini, yule fundi hatoki." Aligeuza uso ukutani, nami nikakaa mpaka muuguzi akaniambia muda umekwisha. Kutoka hospitali mpaka hapa nimelia njia nzima, nami si mtu wa kulia.

Najua nikitoka hapa nitaitwa mkwe aliyemwanika mama wa watu. Waniite. Fundi naye ni mtoto wa mtu, na usiku wa jana amelala kwenye saruji kwa ajili ya kazi aliyoifanya sawasawa. Choo alichokifunga yeye nilikikumbatia kwa mikono yangu miwili. Hayo ndiyo niliyokuja kusema, sina la kupunguza.

Sahihi ya shahidi: (ametia)

KUMBUKUMBU YA AFISA: Nimemsomea shahidi maelezo yake kwa sauti. Amekubali ni sahihi, isipokuwa neno "mzembe", ambalo nililiruka kwa kustahi ndoa yao. Ametaka lirudishwe, nami nimelirudisha. Skrubu nne zimepokelewa kama kielelezo. Mume wa shahidi ameitwa kutoka nje na kuonyeshwa skrubu hizo. Kwanza alisema hazikumbuki. Shahidi aliokota moja akamwekea kiganjani. Aliitazama, akasema ni zake, na fundi hakukosea. Fundi ametolewa mahabusu saa kumi na nusu. Mume wa shahidi amebaki kuandikisha maelezo yake. Shahidi hakumsubiri.