Sato Watatu na Pikipiki ya Bosi

Jumapili, hapa Bweri. Asubuhi jua lilichoma sana. Saa hizi kuna kaupepo, na mwili umelegea kama mtu aliyepona homa.

Pikipiki iko mlangoni. Kila baada ya muda nageuka kuiangalia.

Siyo yangu, ni ya bosi. Wiki nzima nabebaga abiria, Jumapili ananiachia. Hapo ndo naendaga ziwani na ndoano, nakaa kwenye mawe peke yangu. Siuzi samaki. Napenda tu pale hakuna mtu wa kuniongelesha.

Leo nilipata sato watatu, wote chini ya kipimo. Sheria inasema mdogo umrudishe. Ila wawili walimeza ndoano mpaka tumboni, ukivuta unang'oa na utumbo. Nikakata mshipi, nikawarudisha majini, wakaelea tumbo juu. Nikaona kuliko waliwe na ndege, bora niwachukue.

Wakati narudi, pale mwaloni, mitumbwi inapoteremsha samaki, afisa wa uvuvi akanisimamisha. Akafungua mfuko, akatoa rula. Alipomaliza kupima akasema samaki wanachukuliwa, na chombo kilichowabeba kinachukuliwa. Chombo ndo pikipiki.

Nikashika usukani.

Nilitaka kusema mwenye kokoro, ule wavu wa kukokota, anazoa watoto wa samaki ndoo nzima, mimi ninao watatu, adhabu inakuwaje moja? Nilitaka kusema bosi akisikia, kesho pikipiki anampa mtu mwingine, na mimi sina kazi. Yote yalikuwa kichwani, yamepangana vizuri. Mdomo ukakataa. Shule niliachia darasa la nne, na kuongea mbele za watu nadhani niliacha huko huko.

Afisa akaniuliza, "Kijana, wewe ni bubu?"

Mama Bhoke, anayekaangaga samaki pale, akamjibu kwa niaba yangu. "Siyo bubu, afisa. Anaogopa kutoa maneno madogo, utayapima."

Watu wakacheka. Nikasogea kwake, nikamnong'oneza, "Mama, ndoano ziko tumboni."

Yeye kupasua samaki ndo kazi yake, mara nyingi anakutana na ndoano humo. Alinielewa. Akamwambia afisa, kabla hujahukumu ngoja tupasue. Akachukua kisu chake. Wa kwanza, ndoano hiyo. Wa pili, ndoano.

Afisa akaziweka kwenye kiganja, akazigeuza kwa kidole, wa tatu hakusubiri apasuliwe. Akasema hata aliyekufa haturuhusiwi kuondoka naye, kwa hiyo samaki harudishi. Ila ameona sikukusudia. Niende na pikipiki yangu, ninunue ndoano kubwa ambayo mdogo hawezi kumeza.

Nikaikimbilia pikipiki, hata asante nikaisahau.

Mama Bhoke alikuwa ameshamshika wa tatu. Akamwangalia mdomo, umechanika kidogo pembeni. Akamrudisha chini ya wenzake, akafuta kisu.

Acha niseme ukweli humu mtandaoni, kwa sababu humu hakuna anayenijua sura.

Wa tatu hakumeza kitu. Nilimtoa ndoano mdomoni akiwa mzima, anarukaruka, na nikamtia mfukoni kwa sababu wawili niliona hawatoshi mboga.

Wakati nawasha pikipiki Mama Bhoke akaniambia polepole, "Mwanangu, huyo wa tatu mnajuana wewe na yeye."

Kuchukua pikipiki kwa sato watatu siyo haki, hiyo bado nasema. Ila kipimo chenyewe hakijanionea. Nimekilaumu njia nzima, na yule mdogo saa hizi angekuwa anaogelea.

Hata hivyo nimefurahi, siwezi kuficha. Nimeoga, nimekula ugali na dagaa, nimecheka peke yangu. Kesho nipo barabarani kama kawaida. Mungu nimemshukuru, ila kwa sauti ndogo.

Jumapili ijayo nitakuwa na ndoano kubwa. Swali langu ni moja tu. Akinasa mwingine mdogo, mdomoni tu, mzima, na hakuna anayeniona, nitamrudisha?