Wiki Zetu Mbili za Mlimani

Halima, mke wangu uliyetangulia,

Juma lililopita mjukuu wako Zakariya, mtoto wa binti yetu mkubwa Hodan, alikuja kuniaga. Anakwenda na wenzake wa chuo kutembea katika mji ule wa mlimani. Akakaa mkekani karibu nami, simu mkononi, akaniuliza, "Awoowe, si wewe na Ayeeyo mliwahi kufika kule zamani? Kuna nini cha kufanya?"

Nilimtazama kijana wa watu anavyotabasamu, anangoja babu yake amtajie maporomoko ya maji. Nikamwambia kule kuna baridi, achukue sweta. Kisha nikazunguka nyuma ya nyumba nikatapika chai yote ya asubuhi.

Ndiyo sababu nakuandikia. Na barua hii naiacha wazi, aisome atakayeisoma, kwa kuwa watu wa Garissa wamenipa heshima isiyo yangu miaka yote hii, nami nimekaa nayo kama mtu aliyekaa na nyama iliyooza ndani ya nyumba akidai hasikii harufu. Jina la mji ule silitaji. Waliomo leo hawana kosa, na kinywa changu chenyewe kinalikataa.

Unakumbuka tulivyokwenda. Vita vya kutaka kujitenga, ambavyo serikali iliviita vita vya shifta, yaani vya majambazi, vilikuwa katika mwaka wa tatu. Watu wetu, Wasomali, walikuwa wameswagwa kama mbuzi na kuingizwa katika vijiji vya kulindwa, na kutoka bila pasi kulikuwa ni kujitafutia risasi. Mimi nilikuwa karani wa ofisi ya mifugo, kijana wa shati jeupe na kalamu mfukoni. Wewe ulikuwa bibi harusi wa miezi mitatu. Ofisi iliponituma mafunzo ya wiki mbili kule juu, niliomba nawe uandikwe kwenye pasi yangu, wakakubali. Nilijiona mtu mkubwa sana siku hiyo. Nikikumbuka nilivyotembea mjini na ile karatasi, natamani kumzaba kofi yule kijana.

Siku za kwanza zilikuwa nzuri, sitazitukana. Asubuhi ya kwanza ulitoka nje, ukaona pumzi yako inatoka kama moshi, ukaniita, "Njoo uone, kinywa changu kinapika." Mama mwenye nyumba tuliyopanga chumba, mjane mnene mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya bonde, alitucheka mpaka akashika kiuno.

"Nyinyi watu wa jangwani, msijifungie ndani kama wagonjwa," alituambia. "Nendeni mtoni mguse maji ya barafu. Nendeni mkaone chai inavyochumwa. Na Jumamosi msikose soko."

Tukafanya yote. Ulitia miguu mtoni ukauliza mara tatu kama kweli hakuna mamba, maana wewe mto uliokuwa ukiujua ni Tana. Ulikula viazi kwa chumvi ukasema vina ladha ya udongo safi. Tulipiga picha kwa mpiga picha aliyekuwa na pazia lililochorwa mlima, nawe ukaninong'oneza, "Mlima si uko nje hapo? Kwa nini wameuchora?" Nilicheka, na kwenye picha nimetoka mdomo wazi.

Ila hata furaha ile ilikuwa na uchafu wake. Yule mama alitutengea vikombe viwili vya bati, na tukishamaliza chai alikuwa akivisugua kwa majivu, peke yake, mbali na vyombo vingine. Wewe uliona kabla yangu. Mimi nilijifanya sioni, na jambo hilo nilikuwa nimekwisha kulizoea.

Ijumaa mchana mama yule alirudi kutoka mjini akihema. "Wameletwa shifta," akasema. "Watatu. Wamewekwa pale penye lango la soko, watu wote wanakwenda kuona. Kesho mkienda sokoni mtawaona." Alisema kwa sauti ileile aliyotuambia habari za mto na za chai.

Nilikwambia Jumamosi tusiende. Ukasema unataka viazi vya kumpelekea mama yako. Tukaenda.

Nitaandika nilichokiona, kwa kuwa nimekaa bila kukitamka. Maiti tatu zimelazwa juu ya turubai, jua limezipiga tangu jana, nzi wanaingia midomoni na kutoka. Mwalimu mmoja amewapanga watoto wa shule kwa mistari waone vizuri. Wanawake na vikapu vyao, wakisukumana. Mwanamume mmoja alisimama karibu nami akitafuna hindi la kuchoma, na kila alipotaka kumwonyesha mwenzake jambo, alielekeza kwa gunzi. Punje zilimganda menoni. Miaka yote hii siwezi kula hindi la kuchoma, na watoto wetu walidhani ni mambo ya tumbo.

Kando ya kila maiti walikuwa wameweka bunduki. Polisi aliyesimama hapo alikuwa akieleza kama mtu anayeuza bidhaa. "Huyu mzee mnayemwona ndiye alikuwa mpiga shabaha wao."

Mzee yule alikuwa na ndevu za hina. Mkono wake wa kulia ulikuwa umepinda kwenye kiwiko, umekauka, vidole vimejikunja kama kucha za ndege. Ngamia aliuuma alipokuwa kijana, na tangu hapo hata kikombe alikishika kwa kushoto.

Alikuwa Abti Abdi, mjomba wako, ndugu wa pekee wa mama yako.

Yeye ndiye aliyekuja kutoka Balambala siku baba yako alipokataa kukuoza kwa mtoto wa kalamu asiye na ngamia. Alikaa na baba yako kutwa nzima, na jioni akatoka akaniambia, "Nimekusemea. Usiniaibishe." Baadaye tulisikia amekataa kuwaingiza ngamia wake kijijini wafe kwa njaa, amewapandisha kando ya Tana kutafuta malisho. Huo ndio ulikuwa ushifta wake.

Ulimtambua wakati mmoja nami. Ukaanza kusema kwa Kisomali, "Abti, Abti..." nikakukamata mkono kwa nguvu mpaka kucha zikaingia. "Nyamaza," nikakwambia. "Hapa hatumjui mtu."

Polisi alikuwa ametuona. "Wewe Msomali," akaniita. "Njoo hapa. Unawajua hawa?"

"Hapana, afande. Siwajui."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja. Mimi ni mtumishi wa serikali." Nikatoa pasi yangu bila kuombwa.

Akaisoma taratibu, akairudisha, akanitazama usoni. "Kama ni mtu wa serikali, mtemee mate huyu mzee, tuone."

Halima, hakunielekezea bunduki. Ningetaka sana kuandika kwamba alinielekezea. Alikuwa amesimama tu, mikono nyuma, anatabasamu kidogo. Ningeweza kusema mimi ni Mwislamu, maiti hatuitemei mate. Labda angenipiga. Labda angenifunga. Sijui, kwa kuwa sikungoja kujua. Niliinama nikamtemea Abti Abdi mate. Yalianguka kwenye ndevu zake. Watu wakacheka, na mwenye hindi akanipiga bega, akaniambia, "Huyu ni mwenzetu."

Nami nilicheka. Hilo huenda hukulisikia. Nilicheka pamoja nao.

Tulirudi nyumbani bila viazi. Hukulia. Ulikwenda moja kwa moja kwa mama mwenye nyumba ukamwuliza kama mjini kuna msikiti, naye akakuelekeza kwa mzee mmoja fundi cherehani, mwadhini wa kimsikiti kidogo cha mabati huko chini. Ulikwenda peke yako. Jumapili ukaniambia, ukiwa umesimama mlangoni, "Kesho maiti zitatupwa shimoni. Mzee wa msikiti amekubali twende kituoni tuwaombe polisi. Ana wazee wenzake wawili tu, hawana nguvu. Wanahitaji mwanamume wa kusaidia kuosha na kuchimba. Njoo."

"Kesho nina darasa," nikasema.

"Darasa la nini?"

"Magonjwa ya ng'ombe."

"Basi nenda kwa ng'ombe wako," ukasema.

Nikaenda. Nilikaa mstari wa mbele, nikaandika kila neno la mkufunzi kuhusu kwato na mate ya ng'ombe mgonjwa, kwa hati nzuri. Lile daftari nilikuja kulichoma.

Yaliyotokea kituoni nilisimuliwa na mama mwenye nyumba, maana alifuatana nawe. Kiswahili chako wakati ule kilikuwa cha sokoni, na p mara nyingine ikikugeukia b, lakini ulisimama mbele ya mkubwa wao ukasema, "Afande, mimi hawa hapana jua. Lakini hawa ni Islamu. Maiti ya Islamu hapana kaa nje. Nibe ruhusa tu, sisi tazika." Mkubwa akauliza kwa nini mwanamke ajisumbue na watu asiowajua. Ukajibu, "Wewe nataka mama yako tubwe?" Mama mwenye nyumba aliniambia hapo alifumba macho akingoja kofi. Mkubwa akasema, "Chukueni. Wameanza kunuka hata hivyo."

Shuka la sanda alilitoa yeye, yule mama aliyesugua vikombe vyetu kwa majivu. Alikuwa na mashuka meupe mawili ya arusi yake, akayatoa yote mawili, na la tatu akaazima kwa jirani. Wazee watatu wakaosha na kuchimba, nawe ukabeba maji kutoka mtoni, ndoo baada ya ndoo. Mtu pekee mjini mle aliyekuwa na nguvu za kuwasaidia, na deni la kuwasaidia, alikuwa darasani akiandika.

Ulirudi alasiri, matope mekundu mpaka magotini, na harufu ile imeshika shashi yako ya kichwani. Nilikusogezea maji. Ukanawa, ukanitazama, ukasema, "Nimewaambia simjui. Sasa tuko wawili."

Nilidhani unanisamehe. Kwa miaka nilidhani hivyo, kwa kuwa ilinifaa.

Kisha tukarudi Garissa, na hapo ndipo lilipotokea lile linalonitapisha kuliko mate. Mama yako alikuwa na habari kwamba ndugu yake amepotea. Ulimketisha ukamwambia, "Hooyo, Abti amekufa. Amezikwa Kiislamu, amesaliwa. Mume wangu alimwosha kwa mikono yake." Nilikuwa nimesimama pale. Mama yako akanyanyuka, akaishika mikono yangu miwili, akaibusu kiganja kwa kiganja, machozi yake yakanitiririka vidoleni. Nami nikamwacha aibusu.

Tangu siku hiyo nikawa mtu mwingine katika ukoo wenu. Katika kila karamu nilitengewa nundu ya ngamia. Wazee waliniinukia. "Huyu ndiye aliyemwosha Abdi katikati ya adui," wakiwaambia watoto. Nilikuwa nikiinamisha kichwa, wakadhani ni unyenyekevu. Nundu nilikula. Mama yako alikufa akiniombea dua, na mimi ndiye niliyeingia kaburini kumpokea, kwa kuwa alikuwa ameusia hivyo.

Wewe hukuwahi kulitaja. Tulizaa watoto watano, tukajenga, tukazeeka, ukafa, na jambo lile limekaa kati yetu kama mtu wa tatu kitandani. Sikukuuliza hata siku moja kwa nini ulinisemea uongo ule. Niliogopa jibu.

Siku ile niliyotapika, baada ya sala ya alasiri, nilimwita Hodan. Alikuwa akichambua mchele kwenye ungo. Nikamwambia keti, nina jambo la mama yako na la Abti Abdi. Nikasema yote, mate na kicheko na darasa. Hodan hakuinua macho. Aliendelea kutoa vijiwe kwenye mchele, kimoja kimoja, mpaka nikamaliza.

"Aabo," akasema, "tunajua."

Sikumwelewa.

"Hooyo alituambia mwaka ule alioanza kuugua. Sote watano. Akasema tusikuguse, tusikupunguzie heshima, tusikuulize. Akasema, baba yenu atalisema mwenyewe, mngojeni."

"Na kwa nini alimdanganya mama yake?"

"Alisema Ayeeyo, mama yake, alikuwa amepoteza ndugu. Hakutaka siku hiyohiyo apoteze na mkwe."

Halafu akainuka na ungo wake akaenda kupika.

Nimekaa na jambo hilo wiki nzima. Nilitarajia kuona wepesi, sikuuona. Kinyaa hakijaondoka, na sasa najua watoto wangu walikuwa wakinipa mkono kila Idi wakijua mkono ule ni wa nani. Lakini kuna jambo jingine limenijia, na hili ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Siku mbili kabla hujafa, Hodan alipokuwa amekwenda kuchota maji, ulinifungulia macho ukaniuliza, "Una neno la kuniambia?" Nami nikakurekebishia mto nikasema, "Neno gani? Wewe pumzika." Ukageuza uso ukutani.

Nililo nalo ni hili, Halima, limechelewa. Polisi aliniuliza kama namjua. Nilimjua. Alikuwa Abti Abdi wa Balambala, aliyenisemea kwa baba yako, na nilimtemea mate.

Mungu akupe nuru huko uliko, na akikukutanisha naye, usinisemee.

Ni mimi mumeo.