Nilifungua Printa, Nikafungua na Barua za Watu

Mshauri wangu wa ukurasa wa Jumamosi,

Shikamoo. Ninakuandikia kutoka kwenye kompyuta ya klabu shuleni, kwa sababu zile za nyumbani ndizo zenye kesi, na ninakuomba unisaidie mawazo kabla ya Jumatatu ijayo, maana nikichelewa kuna mtu atapoteza kazi kwa kosa langu, na mpaka sasa anayelijua kosa hilo ni mimi peke yangu.

Nina miaka kumi na sita na ninaishi na Mama Mdogo, ambaye ana duka la kuchapa barua na kutoa nakala kwenye chumba cha mbele cha nyumba yetu, sisi tunalala vyumba vya nyuma, na dukani kuna kompyuta tatu, printa moja na benchi la wateja, na juu ya benchi Mama Mdogo amebandika kikaratasi chenye neno la siri la waifai, kwa sababu anasema mgeni akisubiri bila cha kufanya ataondoka. Anayechapa ni Dada, si dada yangu wa kuzaliwa ila amenikuta nikiwa darasa la nne, na wateja wanamwita Dada Vidole kwa sababu anachapa huku anakutazama usoni na kukuuliza habari za watoto.

Mwezi uliopita tulibadilishiwa kisanduku cha intaneti, na kompyuta zilipounganishwa upya, programu ya kuzuia virusi ikauliza kwenye kila moja kama huu ni mtandao wa umma au ni wa nyumbani, unaouamini. Niliitwa mimi kwa kuwa niko klabu ya kompyuta. Kwanza nilichagua wa umma, kama tulivyofundishwa kwamba ukiwa na shaka chagua umma, lakini papo hapo zile kompyuta mbili zikashindwa kuiona printa, ambayo imeungwa kwenye kompyuta ya Dada, na folda ya kazi za wateja ambayo zote tatu huitumia kwa pamoja nayo ikapotea, na watu wakajaa mpaka mlangoni.

"Mama, barua yangu inachapwa au inachemshwa?" mzee mmoja aliuliza, watu wakacheka, Mama Mdogo hakucheka.

"Wewe si ndiye wa klabu?" akaniambia. "Fanya hiyo mashine ionekane."

Basi nikazibadilisha zote tatu ziwe kwenye mtandao wa nyumbani, nikajiambia mbona ni kweli, hapa si ndipo tunapolala, na ilipouliza kama iruhusu mafaili na printa vionekane kwa vifaa vingine nikaruhusu, na folda ilipodai neno la siri nikaliondoa ili Dada asisumbuke, na printa ikanguruma, na Mama Mdogo akapiga makofi akisema, "Mtazameni fundi wangu! Hajashika hata bisibisi!" na mimi nilifurahi, Mshauri, nilifurahi siku tatu nzima.

Wiki mbili baadaye Mwalimu wetu wa Hisabati alikuja kuchapiwa barua ya kuomba uhamisho, akamsihi Dada asijue mtu, kwa sababu alikuwa bado hajamwambia mkuu wa shule, lakini kesho yake shule nzima ilijua, hata watoto wa kidato cha kwanza walikuwa wanampungia mkono wa kwaheri akipita. Jioni akaja dukani, hakupiga kelele, na nadhani ingekuwa afadhali angepiga.

"Mama, siri yangu niliiacha hapa mezani imelala," alisema. "Nimeikuta shuleni imevaa viatu."

Mama Mdogo akamgeukia Dada. Dada akasema, "Mama, huu ni mwaka wa sita nachapa mambo ya watu. Nimechapa posa, nimechapa talaka, nimechapa na posa ya pili ya mtu yuleyule. Umewahi kusikia neno kutoka kwangu?"

"Barua umeichapa wewe, haikuchapwa na benchi," Mama Mdogo akajibu. "Nenda nyumbani mpaka nikuite."

Dada akachukua kibweta chake cha miwani, akasahau mto wake wa maua ambao huwa anaukalia, na alipofika mlangoni akanigeukia akaniambia, "Mdogo wangu, karatasi ikikwama usiivute kwa nguvu, fungua kwa nyuma," na tangu siku hiyo nikitoka shule ninakalishwa kwenye kiti chake, juu ya mto wake, nichape mimi, na wateja wananisifu.

Mimi niliamini kabisa kwamba ni Dada aliyesema, mpaka Ijumaa iliyopita, nilipokaa kwenye benchi na kompyuta mpakato ya klabu ili nimalize zoezi, nikaingia kwa neno la siri la ukutani kama mteja yeyote, na mbele yangu zikajitokeza kompyuta zetu tatu na folda ya kazi za wateja, nikaibonyeza ikafunguka bila kuniuliza mimi ni nani, na ya tatu kutoka juu ilikuwa barua ya Mwalimu. Niliifunga haraka kama mtu aliyesukuma mlango wa bafu akakuta mtu. Na hapo nikakumbuka kwamba siku ile Mwalimu alipochapiwa barua, karani wa shule yetu alikuwa amekaa kwenye benchi na kompyuta yake, akisubiri nakala.

Nikarudisha mtandao wa umma kwenye zote, printa ikapotea tena, Mama Mdogo akaita jina langu, nikarudisha wa nyumbani. Nikarudi kwenye mto wa Dada, nikaendelea kuchapa. Jumatatu ijayo anakuja mchapaji mwingine kujaribiwa, na Mama Mdogo ni mtu mwema ila hapendi kusahihishwa, na amekuwa akiniambia kwamba nikimaliza shule mashine zote zitakuwa chini yangu, na hilo ndilo jambo ninalolitaka kuliko yote, nisome kompyuta, na ninaogopa nikisema hataniachia tena hata kubadilisha wino. Je, nisahihishe mashine kimyakimya ili lisitokee tena, kisha nimwombee Dada msamaha kwa Mama Mdogo bila kueleza sababu? Tafadhali usitaje jina langu wala la mtu yeyote, kwa sababu gazeti lenu hufika dukani kila Jumamosi saa nne, na Mama Mdogo husoma ukurasa wako kwa sauti, wateja wanasikiliza.

Ni mimi,
Niliyekalia mto usio wangu

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, binti yangu. Barua yako nimeirusha foleni, wenye mahari na mawifi wanisamehe.

Nianze na haki yako. Ulipewa kazi ya mtu mzima mbele ya umati unaopiga kelele, na uliifanya kwa nia njema. Wapo watu wazima wenye vyeti ukutani ambao wangebonyeza hapohapo ulipobonyeza. Hilo nimelimaliza.

Sasa kaa vizuri nikukemee. Kubonyeza vibaya lilikuwa kosa la siku moja, tena la kutojua. Tangu Ijumaa unajua, na kila jioni unapokalia ule mto unalitenda kosa lingine, hili la kujua. Unaniuliza kama unaweza kumwombea Dada msamaha. Msamaha wa nini? Amekosa nini? Ukimwombea msamaha asiyekosa unampaka tope kwa mkono wa pili.

Mimi mashine zinanishinda, kwa hiyo niliipeleka barua yako kwa fundi wa mitandao wa hapa ofisini, nikiwa nimefuta anwani yako. Alisoma akatikisa kichwa. "Huyu binti," alisema, "amechoka kumpelekea mgeni maji sebuleni, akamwachia chumba cha kulala wazi ajichotee." Programu haikutaka kujua mnalala wapi. Ilitaka kujua ni nani wengine wako kwenye mtandao huo, na jibu limebandikwa juu ya benchi kwa herufi kubwa. Kila aliyekisoma kile kikaratasi, kompyuta zenu zinamhesabu kuwa mtoto wa nyumba.

Usisahihishe kimyakimya. Ukiliziba tundu kabla Mama Mdogo hajaliona utabaki na maneno matupu, na Dada atabaki na sifa ya mdomo mwepesi mpaka azeeke. Kwanza mwonyeshe. Iazime ile kompyuta ya klabu, na asubuhi kabla duka halijafunguliwa, wakati hakuna mteja wa kumwaibisha mbele yake, mwambie hivi: "Mama, aliyefungua folda ni mimi. Njoo ukae hapa kwenye benchi nikuonyeshe." Mkalishe, mwache abonyeze kwa kidole chake mwenyewe. Usilie kabla hajaona. Baada ya kuona, lia ukitaka.

Kisha tengenezeni asubuhi hiyohiyo. Fundi anasema visanduku vingi vya intaneti vinaweza kutoa mtandao wa pili kwa ajili ya wageni, wenye jina lake na neno lake la siri, na aliye huko hawezi kuzigusa kompyuta za duka. Neno hilo la wageni ndilo libandikwe ukutani. Neno la mtandao wa duka libadilishwe, kwa sababu simu za wateja zinalikumbuka lile la zamani hata ukichana kikaratasi, na jipya lijulikane na zile kompyuta tatu tu. Hapo ndipo unaweza kuiambia programu kwamba mtandao wa duka unauamini, kwa sababu sasa utakuwa unaaminika, na printa itaonekana. Lile neno la siri la folda uliloliondoa ili Dada asisumbuke lirudishe. Kama kisanduku chenu hakina mtandao wa wageni, rudisha chaguo la umma, halafu kwenye kanuni za programu ruhusu anwani za zile kompyuta tatu pekee zifikie printa na folda. Ukimaliza, rudi kwenye benchi na ile kompyuta ya klabu, ingia kama mteja, utafute. Ukiona hata folda moja, hujamaliza.

Kuhusu karani, nyamaza. Hukumwona akifungua, ulimwona akikaa. Dada naye alionekana akichapa, na unaona hilo lilipomfikisha. Kwa Mwalimu nendeni wewe na Mama Mdogo pamoja, mumweleze mlango ulikuwa upi na umefungwaje. Yeye atajua la kufanya na huko shuleni kwake.

Unaogopa kwamba hutaachiwa tena hata wino. Inawezekana, kwa wiki kadhaa. Sitakudanganya, simjui mama yako mdogo. Lakini mimi nimefanya kazi na mafundi wengi, na niliyemwachia funguo ni yule mmoja aliyekuja kuniambia, "Hapa niliharibu mimi."

Jambo la mwisho. Jina lako sijalitaja wala la mtu yeyote, kama ulivyoomba. Ila mto wa maua, kikaratasi cha ukutani na mwalimu wa Hisabati havihitaji jina, na wewe unajua ni nani husoma ukurasa huu kwa sauti. Nadhani ulijua hata ulipokuwa unaniandikia. Ndiyo maana jibu hili nakutumia leo Alhamisi kwenye anwani yako ya klabu, na gazetini litatoka Jumamosi. Una asubuhi moja, ya kesho. Itumie yote, kisha mwende kwa Dada mkampigie hodi, Mama Mdogo akiwa mbele na wewe nyuma ukiwa umebeba ule mto.

Jumamosi saa nne gazeti likifika, Mama Mdogo asome kwa sauti kama kawaida yake, na Dada awe kitini, anachapa bila kutazama chini, akisikiliza habari anayoijua.