Pa Kulala Njia ya Kipatimu

Mjukuu wangu Rehema,

Marahaba. Mimi bibi yako na babu yako hatujambo, na mikorosho imechanua. Unaniuliza mtapataje pa kulala na gari lenu porini bila kulipa. Pa bure ni pengi, mwanangu. Kazi ni kuchagua.

Enzi za vijiji vya ujamaa nilikuwa muuguzi kijana kwenye Landrova ya chanjo. Jioni moja, kabla ya kufika Kipatimu, dereva wetu Mzee Saidi akateremka kwenye bonde tambarare la mchanga.

"Hapa pazuri," akasema.

Nikainua macho, nikaona nyasi kavu zimenasa matawini, juu ya vichwa vyetu.

"Maji yaliwahi kufika pale, mzee. Tupande kilimani."

"Wewe binti utanifundisha njia?"

Nikashusha sanduku la chanjo, nikaanza kupanda nalo kwa miguu. Wenzangu wakanung'unika, lakini wakanifuata, na gari likafuata.

Alfajiri tuliamshwa na ngurumo. Mvua ilikuwa imenyesha milimani, na lile bonde la mchanga, kumbe mto mkavu, lilikuwa limejaa maji, magogo yakipita pale pale Mzee Saidi alipotaka kuegesha. Siku ile tulichanja watoto wa kijiji kizima, nami nilitembea kifua mbele!

Tangu hapo Mzee Saidi hakuzima injini kabla ya kuniuliza, "Sista, tulale wapi?"

Akupendaye,
Bibi Mwanahawa, Kitomanga